Nyumba ya Hatua Nne kwa Tatu, Milango Miwili

Likizo iliyopita mjukuu wangu Salehe alinisogezea simu yake karibu na pua, akaniambia, "Babu, tazama walichogundua Wazungu." Nikavaa miwani. Ilikuwa picha ya nyumba ya mbao, ndogo kama banda la mbuzi wa tajiri, ina kitanda kinachokunjwa ukutani na meza inayoning'inia kwa mnyororo. Salehe anasema vijana wenzake wa mjini wanaisifia sana nyumba ya namna hiyo, wanasema ndiyo maisha ya kisasa, na wengine wenu mmeanza kuniuliza mkipita hapa kama kweli binadamu mzima anaweza kuishi humo.

Anaweza. Mimi niliishi miaka saba kwenye nyumba ya hatua nne kwa tatu, hatua zangu mwenyewe, na mimi si mrefu. Niliijenga kwa mikono hii, nikaoa nikiwa humo, mtoto wa kwanza alilala kwenye droo ya meza humo humo, na siku moja nyumba nzima ilivuka mlima ikiwa vichwani mwa watu. Kwa hiyo mkitaka kuuliza habari za nyumba ndogo, na simaanishi ile ambayo wanaume wenye tamaa huwaficha wake zao, mmefika kwa mwenyewe. Kaeni niwaambie, ila msinikate maneno. Bibi yenu Mwanaidi yuko jikoni anasikiliza, na yeye peke yake anatosha kunikata.

Mimi nilikuwa seremala wa kazi za misitu, kule juu Magamba, miaka ile bendera ilikuwa bado mpya na kila mtu alikuwa anaambiwa uhuru ni kazi. Kazi yetu sisi ilikuwa miti. Wenzangu walipanda misindano na misanduku, walipalilia, walipogoa, na wakimaliza mteremko mmoja kambi inahamia mteremko mwingine. Sasa mtu akihama kila baada ya miaka michache atajenga nini? Nyumba ya udongo huibebi. Kibanda cha majani kule juu mwezi wa saba kinakuua kwa baridi. Ndipo fundi wangu akabuni nyumba ya vipande.

Fundi huyo tulimwita Mzee Hoza. Alikuwa Mlutheri mfupi mwenye masikio makubwa, anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani kutwa nzima, na akiacha kupiga mluzi ujue umekosea kitu. Nyumba yake ilikuwa na vipande vinane vya ukuta, viwili vya sakafu na mabati juu. Hapakuwa na msumari hata mmoja kwenye kuta. Kila kipande kilikuwa na ulimi unaoingia kwenye mfereji wa mwenzake, halafu vigingi vya mbao ngumu vinapita vikikaza. Ukitaka kuhama unang'oa vigingi, unavitia kwenye kikapu, kila mtu anajitwisha kipande chake, mnaondoka. Tuliviandika namba kwa chaki, mpaka mvua ilipotufutia namba siku moja tukaunganisha nyumba ya mlinzi ikiwa mlango unatazama ukingo wa mlima. Akifungua anakutana na udongo. Tangu hapo tulichonga namba kwa patasi.

Mzee Hoza alikuwa na sheria moja iliyonichukiza sana ujana wangu. Ukijenga nyumba, unaishi humo siku saba kabla ya kuikabidhi. Alisema fundi asiyelalia kitanda alichokitengeneza ni mchuuzi tu. Mimi nyumba yangu ya kwanza niliona nina akili kuliko sheria, nikaikabidhi siku ile ile.

Bwana Misitu mwenyewe alikuja kuikagua. Alikuwa mtu wa tumbo, mpole, anapenda kukaa. Tukaingia watatu: yeye, karani wake, na mimi. Nikafunga mlango ili wasikie jinsi ulivyokaza, nikateremsha kitanda kutoka ukutani, nikamkaribisha aketi. Akaketi, akasifu. Alipotaka kutoka ndipo nikagundua kwamba mlango nimeuweka ukifungukia ndani, na kitanda kikiwa chini kinauzuia. Kukiinua kitanda lazima watu wote wasimame sakafuni, na sakafu iliyobaki ilikuwa ya watu wawili. Kila tulipojaribu, mmoja wetu alibaki juu ya kitanda. Tulijaribu kwa zamu, tulijaribu kwa kukumbatiana, karani akashauri tuombe dua.

Mwishoni Bwana Misitu alitokea dirishani, miguu mbele, huku tukimsukuma mabega. Mzee Hoza alikuwa amesimama nje na randa mkononi. Akamsaidia kushuka, akampangusa vumbi, akamwambia, "Dirisha limefaulu, bwana. Mlango bado." Kisha akanitazama bila kupiga mluzi. Andikeni hilo kwanza: nyumba ndogo, mlango unafungukia nje.

Nyumba yangu mwenyewe niliijenga baada ya hapo, na ile sheria ya siku saba niliitimiza mara mbili. Mbao zilikuwa za mkulo, mti wetu wa huku wenye harufu ya kafuri, hauliwi na wadudu kirahisi. Niliziacha zikauke masika moja na kiangazi kimoja, kivulini, nikitenganisha kila ubao na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite. Mzee Hoza alinifundisha kuzigonga kwa kifundo cha kidole. Ubao mkavu unakujibu. Ubao mbichi unanung'unika. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nagonga mlango kabla ya kupiga hodi, na wenyeji wanadhani nina haraka.

Mwanaidi nilimwoa kutoka upande wa Mlalo. Siku alipoingia mara ya kwanza alisimama katikati, akanyoosha mikono, akagusa rafu ya vyombo kwa mkono mmoja na kitanda kwa mkono mwingine, akasema, "Mume wangu, humu hata nikikasirika sina pa kwenda." Nikamwambia ndiyo maana nimeijenga. Alicheka, lakini kufikia mwezi wa pili alikuwa mshabiki kuliko mimi. Alifagia nyumba nzima chai ikiwa haijachemka. Jiko moja dogo la mkaa lilitutia joto kuanzia sakafu mpaka bati, dirisha likiwa wazi kidogo, maana moshi wa mkaa hauna utani. Kila kitu kilikuwa na kazi mbili: meza ilikuwa ubao wa kukatia nguo, kasha lilikuwa kiti, kigingi cha koti kilikuwa cha kuning'inizia ndizi. Na yeye ndiye aliyetunga sheria ya kwamba kikiingia kitu kipya, kimoja cha zamani kinatoka. Nilipoleta kiti cha pili aliniuliza kwa upole ni nani kati yetu wawili anatoka.

Tuliishi hivyo kwa raha mpaka habari zilipomfikia mama yake.

Hapa lazima niwaeleze ninyi mnaokula sahani moja na wakwe zenu mkicheka. Zamani kwetu mtu na mama mkwe wake walistahiana. Humkazii macho. Hukai naye chumba kimoja. Humwoni akila, na yeye hakuoni ukila. Mkikutana njiani unampisha, na kama njia ni nyembamba unaingia kichakani. Unamwamkia ukiwa umegeuza uso, naye anaitikia akiwa amejifunika kanga. Ilikuwa heshima kubwa, na mimi niliipenda, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa mkali. Tatizo ni moja tu. Heshima ile ilitungwa na watu wenye nyumba za vyumba vingi.

Alifika mwanzo wa masika, kwa miguu, mwavuli mkononi, Mwanaidi akiwa na mimba ya miezi saba. Nilimwona akitokea kwenye miti, nikageuka haraka kutazama ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Nyumba iko wapi?"

Mwanaidi akamwambia, "Ndiyo hii, mama."

Alizunguka nyumba mara moja. Haikumchukua muda. Akaingia, akavuta pumzi, akanena kwa sauti ya kunifikia mimi niliyekuwa nje nimekazia macho ukuta. "Inanuka kafuri. Umekubali kuwekwa kwenye jeneza, mwanangu, na bado una uhai?"

Halafu akatoa hukumu. Amekuja kumchukua mwanawe. Atajifungulia Mlalo, na hilo halikuwa na neno, ndiyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Lakini hatarudi mpaka mimi nijenge nyumba ya watu, vyumba vitatu na veranda, mahali ambapo mgeni anaweza kukaa, kula na kulala kwa heshima. Kiwanja sikuwa nacho. Kambi ilikuwa inahamahama, na kazi yangu ilikuwa kambini. Nyumba ya vyumba vitatu ningeijenga juu ya mawingu. Nilijua kwamba Mwanaidi akishuka mteremko ule, nitakaa miaka bila mke na bila mtoto, na nilimpenda yule mwanamke kiasi kwamba hata sasa naona aibu kulisema hilo naye yuko hapo jikoni.

Kilichoniokoa ni mvua. Ilianza alasiri ile ile, na kesho yake ukingo ukaporomoka ukafunga njia. Mama mkwe akasema, "Mvua ikikatika, tunaondoka." Kwa hiyo nilikuwa na muda wa mvua moja kumthibitishia kwamba hatua nne kwa tatu zinatosha watu watatu, wawili kati yao wakiwa hawaruhusiwi kuonana.

Nilifanya alichoweza seremala. Nilikata mlango wa pili upande wa nyuma, wa kwake peke yake, na nikasimamisha ukuta ndani. Kwangu nilijikatia hatua moja karibu na mlango wa mbele, wao nikawaachia hatua tatu, pamoja na jiko na kitanda. Ila sikuwa na mbao kavu. Zilizokuwepo zilikuwa za kazi ya serikali, na nilizokuwa nazo zilikuwa za mkulo uliopasuliwa wiki ile ile. Mzee Hoza alikuja chini ya mvua, akagonga ubao wa kwanza kwa kidole.

"Unanung'unika huu."

"Ni wa siku chache tu, mzee."

"Hata uongo huwa ni wa siku chache tu," akasema, akaenda zake bila mluzi.

Basi tukaanza maisha. Kila asubuhi niliamkia ubao. "Shikamoo mama." Ubao ukaniitikia, "Marahaba mkwe, umeamkaje?" Nami nikajibu, "Salama kabisa, mama, huku kwangu raha mstarehe, nanyoosha miguu nipendavyo." Ukweli ni kwamba nililala nimejikunja kama kambare kwenye kikapu. Nje ilikuwa mbaya zaidi. Kati ya nyumba na ukingo palikuwa na kijia cha mtu mmoja, na kila nilipokutana naye anatoka mlango wake nilimpisha kwa heshima, yaani nilitelezea mpaka kwenye shamba la maharage la jirani. Siku ya tatu jirani aliniuliza kama nina kitu ninachokitafuta.

Kubwa zaidi, mama mkwe alikuwa hali. Mwanaidi alimpikia wali, mgeni wa heshima, na mchele ule niliufuata Lushoto mjini kabla ya mvua. Akausukuma pembeni. "Siwezi kula ndani ya jeneza," akasema. Alikunywa chai tu, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Mimi upande wangu nilimezwa na hofu. Mgeni akirudi kwao na njaa, na mgeni mwenyewe ni mama mkwe, nitasema nini mbele ya wazee wa Mlalo?

Na juu ya hayo, tukapata panya. Nilimsikia mchana, Mwanaidi akiwa amepumzika au yuko kwenye kibanda cha kupikia cha nje. Kwaru, kwaru, kwaru, halafu kimya, halafu kwaru. Nilidhani anatafuna ukuta wangu mpya. Nikamwambia Mwanaidi nitatega mtego.

"Panya huyo mwache," akanijibu, anatazama pembeni. "Ataondoka mwenyewe."

Siku ya tano nilirudi kutoka kazini mchana nimelowa mpaka mifupa. Sikuwa na nguo kavu hata moja. Nikajifunga kanga ya mke wangu kiunoni, nikajitwika gunia kichwani na mabegani kwa ajili ya baridi, nikakaa juu ya debe magoti yakiwa yamegusa kidevu. Ndipo nikasikia, kwaru, kwaru. Nikasema leo ni leo. Nikachukua nyundo, nikanyata hatua yangu moja mpaka ukutani.

Sasa vijana, ubao mbichi ukiuweka karibu na jiko siku tano, unafanya nini? Unasinyaa. Kati ya ubao wa pili na wa tatu palikuwa pamefunguka ufa wa kuingia kidole, nami sikuwa nimeuona kwa sababu ya giza la mvua. Siku ile wingu lilikuwa limeanza kupasuka na mwanga uliingia kwa dirisha la kwao. Nikainama kumtafuta panya.

Nikamwona mama mkwe wangu ameketi sakafuni, sufuria mapajani, mwiko mkononi, anakwangua ukoko wa wali. Mashavu yalikuwa yamejaa. Punje moja ilikuwa imeganda kidevuni. Alikuwa amefumba macho kwa utamu.

Akayafumbua. Akaona jicho. Nilijirusha nyuma kwa adabu, na hilo ndilo kosa, kwa sababu nikiwa karibu aliona jicho tu, na niliporudi nyuma aliniona mzima: kanga, gunia, debe, nyundo, na hiyo nafasi yangu ya kunyoosha miguu.

Tulitazamana kwa muda ambao mtu angesoma Fatiha. Kisha kila mmoja akageukia kwake. Sikumsikia akitafuna tena. Nadhani alimeza vilevile.

Nilikaa juu ya debe nikingoja radi. Haikuja. Taratibu nikaanza kuelewa tulipofika. Yeye hakuweza kumwambia mtu kwamba mkwe wake anavaa kanga na kuvizia kwa nyundo, kwa sababu angeulizwa alimwonaje. Mimi sikuweza kusema kwamba mgeni wangu aliyefunga siku tano ana ukoko kidevuni, kwa sababu ningeulizwa hivyo hivyo. Kwa desturi yetu, lile jambo halikutokea.

Kesho yake asubuhi jua liliwaka. Mama mkwe alifunga mzigo wake, akatoka kwa mlango wake, akakaa juu ya gogo. Akamwita Mzee Hoza awe shahidi upande wangu, maana ndiye niliyekuwa naye kama baba pale kambini. Mwanaidi alisimama mlangoni amevimba macho. Mimi nilijibanza nyuma ya kona ya nyumba, uso ukutani, nikisikiliza kama mshtakiwa.

"Mzee mwenzangu," alianza, "nimekaa humu siku zote hizi. Nimeona kwa macho yangu. Siwezi kumwacha mwanangu mahali ambapo mgeni hawezi hata ku..."

Mimi nikakohoa. Wallahi nilikohoa kwa sababu ya mafua, na Mwanaidi akiwaambia vinginevyo msimsikilize.

"Hata kufanya nini, mama?" Mzee Hoza akauliza.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Hata kusema ana baridi," mama mkwe akamalizia. "Nyumba ina joto sana hii. Ni ndogo, lakini inatosha."

Mama mkwe akaendelea, sasa sauti imepata nguvu, akiielekeza kwenye kona yangu. "Na mkwe wangu ni mtu wa heshima. Halalamiki. Halafu anajua kuvaa kulingana na hali ya hewa."

Alimchukua Mwanaidi akajifungue Mlalo kama desturi inavyotaka, na mtoto alipotimiza arobaini alimrudisha mwenyewe, mama na mwana, mpaka mlangoni pangu. Neno la vyumba vitatu sikulisikia tena. Mwanaidi aliniuliza mara nyingi, "Ulimwambia nini mama?" Nami nikajibu kweli tupu, kwamba sikumwambia lolote.

Ile ya kubeba nyumba ilikuja miaka kadhaa baadaye, watu walipotakiwa kukaa pamoja vijijini. Waliokuwa na nyumba kubwa walilia. Wengine walivunja kuta wakabaki na udongo na vumbi. Mimi nilichukua kikapu cha vigingi. Majirani walikuja kwa msaragambo, ile kazi yetu ya kusaidiana bila ujira, na kabla jua halijawa kali nyumba ilikuwa njiani kwa msururu, kila mtu na kipande chake. Mama mkwe alikuwa ametutembelea siku hizo. Akachagua kipande chake bila kuuliza mtu. Alijitwisha mlango wa nyuma, akatangulia mbele ya msafara, na mimi nilikaa mkiani kwa heshima.

Kule kijijini tulisimamisha nyumba ilipofika saa nane. Katibu wa kijiji alikuja na daftari lake, akatazama, akasema, "Hiki ni kibanda. Sina mahali pa kukiandika."

Mama mkwe akajifunika kanga vizuri. "Kijana, shikamoo yangu sijaisikia."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umewahi kuona kibanda chenye milango miwili?"

"Hapana, mama."

"Basi andika nyumba."

Akaandika.

Nawaambia haya ili mjue kwamba udogo si tatizo. Tatizo ni mlango kufungukia ndani, ubao mbichi, na watu wasiojua kutoonana. Mkitaka kuishi pembamba, pimeni kwanza ulimi na macho yenu, mbao zije baadaye. Salehe anasema hilo halipo kwenye simu.

Baadaye nilijenga nyumba kubwa kama watu wote, watoto walikuwa sita, sikuwa mwehu. Lakini mama mkwe alipofiwa na mumewe na miguu ikaanza kumsumbua, wanawe wa kiume walimpa chumba kizuri cha saruji kule kwao. Akakikataa. Alituma ujumbe kwamba anataka nyumba ya hatua nne kwa tatu, ijengwe hapa kwetu, ishikane na karakana yangu, na iwe na mlango wake. Sikuwahi kupewa kazi iliyonipa fahari kama ile. Nilitumia mkulo uliokauka miaka mitatu. Kila ubao ulijibu nilipougonga. Ukuta wa kati yake na karakana haukupitisha hata upepo, na mimi niliishi humo siku saba kwanza, kama nilivyofundishwa.

Alikaa humo wiki moja, kisha akaniita kupitia ukutani.

"Mkwe, ubao huu umeukausha mno."

"Umekosa nini, mama?"

"Sisikii unachofanya huko. Nitajuaje kama uko hai?"

Basi nikachukua patasi, nikaharibu kazi yangu mwenyewe. Nikachonga ufa kati ya ubao wa pili na wa tatu, wa kuingia kidole. Kila asubuhi kwa miaka mingi nilimwamkia kwenye ufa ule, uso nikiwa nimeugeuza, naye akaniitikia. Alisikiliza randa yangu, akanikosoa ikikwaruza. Mchana tuliongea habari za mvua na za watoto, kila mtu upande wake, wala hatukuwahi kutazamana.

Siku moja alikuwa anaumwa, sauti imekuwa ndogo. Nilikuwa napiga randa, akaniita.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Ule ukoko ulikuwa mtamu."

Nikasimamisha randa. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya thelathini, na hakuna aliyewahi kulitamka.

"Ukoko gani, mama?" nikamuuliza. "Mimi sikuona kitu."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikamngojea.

"Hiyo ndiyo sababu," akasema, "nilikuachia mwanangu."